Mlango wa Mafuta ya Korosho

Mchwa walikuwa wanaumaliza mlango wa mbele, na Nunu ndiye aliyeuchagulia dawa. Rangi madukani hakuna. Mafuta ya nazi ni ya foleni, nani aumwagie mlango na chungu chenyewe kikavu? Mafuta ya papa yangenuka mpaka Mchikichini. Basi juzi alfajiri akaupaka kwa nje mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua ngozi.

Baba yake alisahau, akausukuma. Muuza maziwa akabisha hodi. Leo wote wawili mikono imewatoka malengelenge.

“Nisamehe, Nunu,” mchumba wake alisema barazani, kwa mara ya nne tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi. “Juzi mchana nilikuja na wazee, na posa tumeishika. Nimeugonga mlango huu mpaka mkono ukafa ganzi. Hamkufungua!”

“Uligonga kwa mkono gani?”

“Si huu hapa!”

Nunu akaushika, akaugeuza taratibu. Ulikuwa laini kama andazi, hauna hata kipele.

Akashusha pumzi, akaingia ndani, akafunga mlango. Mafuta yalikuwa bado mabichi.

“Haya,” alisema kutoka ndani. “Gonga tena.”