Sikio la Hollis Treadaway

Hollis Treadaway aliendesha pikapu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa nje ya dirisha, umeshika waya wenye ndoana, na kwenye waya huo kibati kilikuwa kinazunguka kwa upepo. Ndivyo chambo cha kelele kinavyofundishwa: unakipeleka barabarani maili kumi, bati linasagana na ribiti inayolishikilia mpaka linaanza kulia mlio wa kukera meno. Maana besi, yule samaki mkali wa ziwani, hakipigi chambo hiki kwa njaa. Anakipiga kwa hasira, kwa kuwa kimepita juu ya nyumba yake kikipiga makelele.

"Unasikia kinavyolia?" Hollis akauliza.

"Nasikia, mjomba," akasema Raylene, mtoto wa dada yake. "Basi usikiguse tena. Kiache hivyohivyo."

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Raylene angeingia ziwani kushindana kuvua besi. Akishinda, anapata boti mpya na nafasi kwenye mashindano makubwa ya jimbo la Alabama. Akishindwa, anarudi kukaanga kuku kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta, na umri nao haumsubiri. Alikuwa ameweka tumaini lake lote kwenye kibati kile.

Na Hollis alikuwa hasikii kitu.

Mazungumzo alisikia, mbwa wa jirani alimsikia. Lakini ule mlio mwembamba wa bati ulikuwa umemkimbia mwaka wa pili sasa, baada ya miaka arobaini ya kutengeneza injini za boti. Angemwambia nani? Yeye ndiye waliyemwita Sikio, kwa jinsi alivyopima mlio wa vyambo alivyovitengeneza. Basi akawa anakaza ribiti kwa kubahatisha, anakunja waya kwa mazoea, na vyambo anavipeleka dukani kwa Dub Hargett, muuza vifaa vya uvuvi, ambako vilikuwa vinaisha siku hiyohiyo. Mficha maradhi, bwana, kifo humuumbua.

Mkewe, Opal, alishasema mpaka akachoka. "Nenda kwa daktari wa masikio, Hollis."

"Anti, mwache mjomba," Raylene alikuwa anamkatiza kila mara. "Huyu ana masikio kuliko sisi wote."

Jioni ile Opal alikaa na Hollis barazani akila karanga za kuchemsha. Akakiokota chambo kimoja, akakipuliza kikazunguka.

"Mbona hiki kimya?"

Hollis akampa kingine. Kimya. Akampa sanduku zima. Opal alipuliza mpaka akaishiwa pumzi, na hakuna hata kimoja kilicholia.

Hollis hakulala vizuri. Kumbe binti alimdanganya pale ndani ya gari kwa heshima tu, asimvunje moyo mzee. Na wale wengine dukani? Wamenunua bati bubu miaka miwili bila kurudisha hata moja, kwa huruma. Aibu ilimwenea mwili mzima. Kuhurumiwa ni kubaya, lakini kumharibia maisha mtoto wa dada yako kwa ajili ya jina ni kubaya zaidi.

Ijumaa asubuhi akaingia dukani kwa Dub. Wanaume watano walikuwa wanakunywa kahawa. Kwa kawaida pale ungesikia uongo mtupu, kwa sababu wavuvi wa ziwa lile hawaambizani ukweli kuhusu chambo hata wakiwa kanisani. Raylene naye alikuwepo, anachagua uzi.

Hollis akavua kofia.

"Dub, toa vyambo vyangu vyote ukutani," akasema. "Mimi mlio siusikii tena. Miaka miwili nimewauzieni bati bubu, huku nawatazama usoni nawaambia linalia. Naona haya. Nisameheni."

Wote walitazama vikombe vyao, na Raylene akageukia ukutani. Hollis alitamani hata mmoja amtukane, yaishe.

"Lakini nitalipa kosa langu," akaendelea. "Daktari wa masikio ananisubiri saa nne. Ananiwekea vifaa vya kusikia leo hii. Nikirudi, nitavirekebisha vyote, na nitaanza na chako, Raylene. Kesho kitalia mpaka ng'ambo wakisikie."

Kikombe cha mtu kikagonga meza. Dub akazunguka kaunta, akaenda mlangoni, akaufunga kwa ufunguo.

"Kaa kwanza, Hollis."

"Nitachelewa."

"Kaa, mzee wangu." Dub alijikuna shingo. "Samaki wa humu wamezichoka kelele. Kila boti inapiga makelele, nao wameshazoea. Mwaka wa pili huu hawakigusi chambo kinacholia. Wanakula vyako tu."

Hollis akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua macho. Akamgeukia mtoto wa dada yake.

"Wewe ulijua kwamba sisikii?"

"Tangu mwanzo, mjomba," Raylene akasema, machozi yakimdondoka. "Lakini kwa daktari nenda Jumatatu."