Chai ya Saa Mbili

Kila asubuhi, kabla Zamda hajabonyeza kitufe, idara ya maji ilikuwa haina kazi. Yeye ndiye aliyeyaendesha mafaili ya maagizo kwenye kompyuta, moja baada ya jingine, mpaka kanzidata iseme mtaa gani upate maji kutoka tangi gani. Wenzake walimletea chai ya tangawizi, wakasimama kumsubiri.

Sasa Eliwaza, aliyeajiriwa juzi tu, ameipangia kompyuta ratiba. Ikifika saa mbili, inayaendesha mafaili yale yale yenyewe. Na chai imehamia meza ya Eliwaza.

"Dada Zamda, si umepumzika sasa?" Eliwaza alimuuliza, kikombe mkononi.

"Nimepumzika, mdogo wangu. Kama maiti."

Wenzao wakacheka.

Simu ya mezani kwa Zamda ikalia. Alikuwa Kihwelo, mlinzi wa tangi la mlimani, ambaye kila siku humpigia kumwambia vipimo vya maji vimeshaingia, ndipo aanze. Hilo Zamda hakuwahi kumwambia mtu, na Eliwaza hakuuliza.

"Leo msianze, dada. Tangi limepasuka, limebaki tupu, na vipimo vilivyomo ni vya jana. Mkianza, mtaipa hospitali tangi lisilo na maji."

"Nimekusikia," Zamda akasema, akakata simu.

Saa ya ukutani ilikaribia mbili. Eliwaza alikuwa anapuliza chai, ametulia kama bibi harusi. Zamda akafungua mdomo. Harufu ya tangawizi ikamfikia.

"Imekolea sukari?" akauliza.