Panapouma

Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, na saa tatu asubuhi ilikuwa bado ikipiga mabati ya Kibokoni, nzito, bila upepo, mvua ya kumfanya mwenye usingizi amshukuru Mungu.

Zakariya hakuwa na usingizi. Alikuwa amekwishakwenda makaburini na kurudi. Mlangoni alivua kiatu cha kulia. Cha kushoto aliingia nacho, na mkewe Mahfudha akakifuta matope kwa kitambaa.

Sebuleni kaka yake mkubwa, Ishaq, alikuwa tayari anakula kaimati.

"Umetoka huko tena," Ishaq akasema. "Kila Ijumaa, hata mvua hii. Pale hapakusaliwa na hapana wa kuombewa. Mimi ndiye niliyechimba, najua."

Mahfudha akatazama chini.

Ajali ya lori pale Makupa, miaka miwili iliyopita, iliwaachia vitu viwili: kaburi dogo lisilo na jina kando ya kaburi la baba yao, na maumivu ya mguu wa kushoto wa Zakariya, yaliyomnyima usingizi na kumharibia sala. Tangu siku ile hajamaliza rakaa nne bila kuuma meno.

Sasa njia ilikuwepo. Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa tayari kumtilia kifaa mwilini, na nafasi ilikuwa Jumatatu. Lakini Zakariya hakutaka kulala kwenye meza ya upasuaji bila radhi ya kaka aliyemlea, na Ishaq alikuwa mjuzi wa kila ugonjwa asioumwa yeye. Ndiyo maana Sista Mirriam, muuguzi, alikuja nyumbani kumweleza. Jibu lisipopatikana leo, nafasi angepewa mgonjwa mwingine.

Mirriam akaeleza kwa upole. Waya mwembamba huwekwa karibu na uti wa mgongo, na betri ndogo chini ya ngozi. Umeme mdogo huyavuruga maumivu kabla hayajafika kwenye ubongo. Kuna betri ya kuchajiwa, mgonjwa hujifunga mkanda juu ya ngozi akakaa nao.

"Na stima zikipotea?" Ishaq akauliza. "Tumpeleke kwa jirani mwenye jenereta, tumchomeke kando ya friji?"

Kuna nyingine isiyochajiwa. Hiyo ikiisha nguvu, baada ya miaka kadhaa, hutolewa kwa kisu ikawekwa mpya.

"Kama saa ya ukutani."

Na kuna pampu ya tumboni, inayodondosha dawa kidogo kidogo, na hujazwa kwa sindano kila baada ya miezi michache. Hiyo Ishaq aliifananisha na taa ya chemni isiyokoma kutiwa mafuta, akacheka peke yake mpaka kahawa ikamwagikia kanzu.

Zakariya alisema yeye ameipenda ile ya kuchajiwa. Kwanza angejaribu wiki moja, betri ikiwa nje. Isipomfaa, waya unatolewa, basi. Hakuomba kingine ila kusali kwa utulivu kama watu.

"Lakini unatibu nini?" Ishaq akasema. "Hebu tuambie mbele ya sista. Pale hapana kitu. Madaktari wametazama, mimi nimetazama, hapana kitu. Ungejipaka mafuta ya habasoda, tukale chakula chetu."

"Mafuta hayafiki panapouma, kaka."

"Hayafiki kwa sababu panapouma ni hapa." Ishaq akajigonga kipaji cha uso. "Wachukuzi wa Marikiti migongo imewapinda na hawasemi. Wewe mvua ikinyesha tu, unaanza kuugua. Maumivu gani hayo yanayofuata masika?"

"Shemeji," Mahfudha akasema, "mimi ndiye ninayelala naye. Wewe unalala na usingizi wako."

Ishaq akamtazama kama anayetazama bei ya samaki waliooza, akachukua kaimati nyingine.

Mirriam alivumilia. Akasema yeye hakuja kupima nani mkweli. Daktari anahitaji kujua maumivu yenyewe yakoje, ili ajue waya aulenge wapi. Akamwomba Zakariya afumbe macho, asiwasikilize watu, aeleze anachokisikia tu.

Zakariya akafumba macho.

"Si moto," akasema. "Si kuchomwa sindano. Vidole vimekunjwa chini ya wayo, na wayo wenyewe umepindwa ukabanwa, kama kitu kilichoshindiliwa mahali pafupi. Nataka kunyoosha. Usiku kucha nataka kunyoosha tu, na nafasi haipo. Na mvua ikinyesha, kunakuja uzito juu yake. Uzito wa majimaji."

Ishaq alikuwa ameinua kikombe. Hakukifikisha mdomoni.

"Nani amekwambia?" akauliza.

"Ameniambia nini?"

Mvua ilisikika juu ya mabati. Ishaq akakiweka kikombe sakafuni, akakikosa kisahani.

"Siku ile ilikuwa mvua kama hii," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza. "Shimo lilikuwa likijaa maji. Sikulifikisha urefu wake. Nilitaka niondoke."

Akasimama. Akamgeukia Mahfudha, kisha Mirriam, akahakikisha wote wawili wanamtazama.

"Nyinyi mshuhudie. Radhi yangu anayo, na atiwe betri aitakayo. Na mimi, wallahi, kesho nikitoka kusali alfajiri nakwenda makaburini na jembe: nitalifukua lile kaburi dogo, nilirefushe, niunyooshe mguu wa ndugu yangu."