Kosa la Arobaini na Moja

Kwenye faksi kutoka Dar es Salaam kulikuwa na jina moja tu, na halikuwa la Swaumu.

Aliisoma akiwa wima, akaigeuza nyuma kuona kama kuna lililobakia huko. Patupu. Mafunzo ya wajaribu wa programu za kompyuta, wiki tatu, cheti, na atakayefaulu ajira ya kudumu. Ruangwa: Dominiko. Nachingwea: hakuna.

Hakuna? Miaka kumi na moja yumo kwenye shirika la wakulima wa korosho na ufuta, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na hajapelekwa hata semina ya siku moja. Safari hii alijua ni zamu yake. Makao makuu walipoleta programu ya kutunza habari za watumishi, ni yeye aliyepewa kazi ya kuijaribu kabla haijaanza kutumika. Abonyeze pasipobonyezwa, aandike tarehe za ajabu, aone itakwama wapi.

Na aliijaribu kwelikweli. Majina ya watumishi wote yalikuwa yameshaingizwa, akawa anawageuza anavyotaka. Akampa mlinzi likizo ya uzazi, ofisi nzima ikacheka. Beatrisi wa masijala alikubali kustaafishwa, lakini ilipofika zamu ya kumjaribu mtumishi aliyefariki, akaruka kando. "Huko usiniandike, dada. Uchuro huo, mie nina watoto." Swaumu akamwambia watu wazima hawaogopi kompyuta, akaendelea na kazi yake mpaka umeme ulipokatika, kabla ya saa tisa, wakafunga ofisi.

Miezi minne, makosa sitini na matatu, yote kwenye kauntabuku kwa mwandiko safi. La arobaini na moja alilipigia mstari mwekundu: "Programu haisemi nani amebadilisha nini. Mtu akituchezea, tutamjuaje?"

Sasa huyo Dominiko ni nani? Kijana wa Nandagala, ofisi ya Ruangwa, aliyeanza kazi hajui kompyuta inawashiwa wapi. Nani alimtoa ushamba? Kila Jumamosi alikuja Nachingwea na choroko zake kwenye mfuko wa rambo, akala kwa Swaumu, akafundishwa na Swaumu. "Jifanye mkorofi," alikuwa akimwambia. "Lakini ukimaliza kujaribu, futa ulichoweka. Mgeni mwenye adabu hutandika kitanda kabla hajaondoka."

Mwanafunzi huyo ndiye anakwenda. Mwalimu abaki kupiga mihuri.

"Dada," Beatrisi alimnong'oneza, "ile CD ya mwisho yenye habari zetu si Dominiko mwenyewe aliyeipeleka Dar?"

Swaumu alikaa chini. Ndiyo, aliipeleka yeye. Na barua ya makao makuu ilisema wazi kwamba majina ya mafunzo yatatolewa na programu yenyewe, ili asipendelewe mtu. CD ilikaa mikononi mwa Dominiko siku mbili njiani. Tena alipopita kuichukua, asubuhi iliyofuata ile siku ya umeme kukatika, alikuwa ameshaota mapembe, eti anamuuliza, "Dada, ulizoweka jana umezifuta?"

"Unanifundisha mimi?" Swaumu alimjibu, akamkabidhi CD yake.

Kumbe mwenzake ana lake moyoni. Ilimuuma, jamani. Angenyimwa na mtu baki angesema ni dunia, lakini huyu alikula naye sahani moja.

Juma la kwanza la mafunzo, Dominiko alipiga simu ofisini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa. "Dada, pole. Kuna kitu hakijakaa sawa huku. Nafuatilia, usimwambie mtu kwanza."

Swaumu alikata simu. Nani asiyeijua pole ya namna hiyo?

Siku hiyohiyo aliandika barua kurasa mbili kwenda makao makuu, nakala kwa meneja. Alisema jina lake limeondolewa na Dominiko, kwa wivu, na akataka mtu huyo atolewe mafunzoni na shauri lichunguzwe mpaka mwisho. Chini kabisa aliandika: Kikulacho ki nguoni mwako. Akaipeleka posta mwenyewe.

Hawakuchelewa. Dominiko alitolewa darasani zikiwa zimebaki siku nne afanye mtihani, nafasi yake akapewa mtu wa Masasi. Jumatatu iliyofuata Swaumu aliitwa kwa meneja, Bwana Isihaka, akamkuta kijana ameketi pembeni, begi miguuni, vumbi la basi bado limo kwenye nyusi.

"Shikamoo, dada."

Swaumu alivuta kiti akakiweka mbali naye.

"Mimi sina la kuongeza," alimwambia meneja. "Niliomba ukweli, basi."

"Ukweli umeletwa." Bwana Isihaka alikuwa na karatasi moja tu mezani. "Lile kosa lako la arobaini na moja walilirekebisha tangu Mei. Sasa programu inamtaja kila anayegusa kitu, na siku, na saa."

Swaumu alimgeukia Dominiko, amwone atakavyoinamisha uso. Dominiko hakuinama. Alikuwa anamtazama yeye, machozi yakimlengalenga.

"Huyu alikuwa ameliona hili tangu wiki ya kwanza," meneja alisema. "Alikuwa anawaomba makao makuu wakuite mafunzoni." Akamsogezea karatasi. "Soma."

Mtumishi: Swaumu Rahimu Amri. Hali: amefariki. Imebadilishwa Jumanne, 14 Juni 2005, saa 8:47 mchana, Nachingwea. Aliyebadilisha: Swaumu Rahimu Amri.