Kikombe cha Msumarini

"Umefika wapi?" dereva wa lori aliuliza, kama kila Alhamisi anaposhuka Mai Mahiu na viazi vya Kuresoi.

"Bado, dere. Mimi husoma polepole," Wamuyu akajibu, akipanguza meza ya kibanda iliyokuwa safi tayari.

Kitabu kilikuwa cha dereva, hadithi ya mjane aliyependa tena. Wamuyu alikuwa amekimaliza mara tatu. Lakini kikirudi kwa mwenyewe, nani tena atasimamisha lori hapa?

"Basi nipe hivyo hivyo. Kuanzia kesho kampuni inanihamishia njia ya Malaba."

Wamuyu alikitoa kando ya beseni la mandazi. Jalada lilikuwa na doa la mafuta pale kidole gumba chake kilipozoea kukaa.

"Nilikudanganya," akasema. "Nilimaliza kitambo. Mara tatu."

Dereva hakucheka. Akaenda akazima lori, akarudi, akakaa kwenye benchi.

"Na yule mjane, alimkubali huyo bwana?"

Wamuyu akanyoosha mkono ukutani, akatoa msumarini kikombe cha marehemu mumewe, ambacho hakuna aliyekinywea tangu breki za lori lake zilipomkatalia pale mteremkoni, miaka minne sasa.

Akakisuuza mara mbili, kisha akammiminia dereva chai.