Bastola ya Pili

"Takataka!" Bakiri aliibwaga bastola mpya juu ya meza ya jikoni. Jana majambazi walipoingia dukani kwake mtaani Jeppestown, huku kusini mwa Afrika, alifyatua weee, isilie, kama ile ya kwanza iliyomwaibisha kipupwe cha mwaka jana.

"Eish! Wauza silaha wa mji huu wezi watupu! Kila Ijumaa naipaka mafuta kama mtoto mchanga, bado inanigomea!"

Mkewe alikuwa akichokoa kwa kijiko kopo la mafuta ya nazi waliyoletewa kutoka Tanga, apate ya nywele. Baridi ya Juni ilikuwa imeyagandisha, yakawa meupe na magumu kama mshumaa.

Kijiko kikasimama.

"Baba Nusaiba, unaipaka mafuta gani?"

Bakiri alifungua mdomo amlaani tena muuzaji, macho yakatua kwenye kopo.