Upande wa Baba

Siku hizi hoja unayopangiwa kwenye klabu ya mdahalo hupandikizwa kichwani kwa mashine, na haitoki tena. Juzi, baada ya masomo, kidato cha kwanza walipewa mada ile ile ya miaka yote: baba ni bora kuliko mama. Binti yangu Nakijwa akapangiwa kuunga mkono.

Alirudi nyumbani, akafungasha nguo zake aende kwa baba yake, aliyenivunja mkono huu mbele ya macho yake.

“Ulimchokoza, mama. Kila siku mdomo.”

Nikamfungia chumbani.

Mwalimu wa mdahalo, aliyetumiwa ujumbe na Nakijwa, akanipigia simu. “Mama Nakijwa, mtoto ana haki ya msimamo wake. Mfungulie, umwombe radhi binti yako.”

Nakijwa alikuwa akigonga mlango, akimwita baba yake.

“Simwombi,” nikasema.